Yaya, niko na komande ya salopeti 80 lakini sina pesa ya kitambaa

Mwapoleni Yaya,

Nakuandikia usiku juu umeme umerudi saa hii na batoto wamelala, unisamehe kama barua inakuwa ndefu, niko na mambo mingi mu kichwa.

Miye ni mama wa batoto ine, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, kazi yangu ni kushona. Nilianza na mashini ya marehemu mama yangu, ile ya kukanyaga na miguu, leo mashini ziko tatu, mbili za kukanyaga na moja ya umeme, na niko na babinti babili benye nilifundisha mwenyewe na sasa wananisaidia. Atelie iko pa barza ya nyumba. Inaenda mu mwaka wake wa ine. Mwezi wa nane na wa tisa njo tunakulaka vizuri juu ya uniforme za masomo, mashati nyeupe na majipu ya bulu, kiisha hapo inakauka, leo unashona kikwembe cha mama moja, kesho unabadilisha tireti ya suruali ya jirani na hata hakulipi siku ile ile, mupaka Noeli.

Sasa mwezi uliopita kuna kliya moja nilimushonea salopeti yake, ile nguo ya kazi ya kipande moja, yenye ilikuwa imepasuka, akaibeba ku kazi, mukubwa wake akaona namna nilifanya ile kazi, akaniita. Ni kampuni inafanya kazi kwa makampuni ya madini ku barabara ya Likasi. Anataka salopeti 80 zenye bendi za kungaa na jina la kampuni ku mugongo, 22 dola moja. Bon ya komande niko nayo mu mukono, imepigwa na stempo. Nilitoka pale nacheka peke yangu mu taksi, dereva akafikiri mama huyu iko na nini.

Nyumbani njo nikaanza kuhesabu. Salopeti moja inakula metre tatu za kile kitambaa cha nguvu, 3 dola metre, hiyo 9. Tireti, uzi, bifungo na bendi, weka 3. Babinti nawapa 3 kwa kila moja yenye imemalizika. Kitambaa na bintu vyake peke yake mara 80, inafika 960 dola. Mu nyumba sina hata 100. Na bon inasema watalipa siku 60 kiisha kupeleka fakitire.

Nimegonga milango. Banki moja mu mji, kijana wa pale alinipokea na heshima yote, lakini akaniuliza RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), numero ya impo, karatasi ya parcelle (kiwanja) na sinyatire ya bwana. Bwana yangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi kila kiisha wiki tatu, na parcelle iko mu jina la baba yake. Nikarudi. Kiisha kuna bwana moja mwenye koti na bage mu shingo, alikuja ku soko akasema anatoka mu mradi wa serikali na Banki ya Dunia, wanagawa 5000 dola kwa bamama bashonaji, lakini unalipa kwanza 75 ya dosie. Nililipa, Yaya. Simu yake haipitake tena toka mwezi wa tatu. Tuko bamama batano wa soko moja tulilipa, na moja wetu alikopa ile 75.

Mafunzo nayo nimefanya, usifikiri nimekaa tu. Breve (cheti) ziko tatu ku ukuta, na tishati mbili. Hakuna hata moja ya zile breve ilininunulia uzi. Niko pia mu likelemba ya bamama 12, tunatoa 40 dola kila mwezi, lakini zamu yangu ni mwezi wa kumi na moja.

Sasa shemeji yangu anasema anajua muntu wa lambert, wale benye kukopesha na riba kubwa, anatoa 1000 leo leo, mwisho wa mwezi unarudisha 1300, na kama hujapata unalipa 300 na deni inabakia. Hakuna karatasi, anashika tu mashini ya umeme kama garanti. Nikubali? Na zile pesa za serikali za kusaidia bafanyabiashara wadogo, ziko kweli ao ni hadisi tu ya bantu wa makoti? Na ni kweli mwanamuke hawezi kukopa kama bwana hajasaini? Unijibu mbio, komande haiwezi kungoja.

Mushonaji wa Katuba

*

Dada yangu,

Nianze na lambert, juu ile njo inaweza kukukamata kabla hujamaliza kusoma. Hesabu zako ni nzuri, nazitumia hizo hizo. Salopeti inakukula 15, unaiuzisha 22, faida 7. Mara 80 ni 560 dola. Sawa. Sasa weka wiki tatu za kushona, kiisha weka siku 60 za kungoja malipo, hiyo inakaribia miezi tatu, na mwenye kulipa siku 60 mimi sijamuona bado akilipa siku ya 58. Kila mwezi mwenye lambert anachukua 300. Miezi tatu 900. Wewe ulipata 560. Utakuwa umeshona salopeti 80, umechosha macho na mugongo, na umeongeza 340 dola za kwako juu ya bahati ya kuzishona. Na mashini ya umeme iko kwake. Mwambie shemeji asante, kwa heshima, na ufunge ile maneno.

Mu barua yako umechanganya pesa mbili zenye hazifanane, na si wewe peke yako, karibu barua zote napata za namna hii ziko na ile fundo. Kuna pesa ya kitambaa, inaingia na inatoka mu miezi miwili tatu, inaitwa na komande na inalipwa na komande. Na kuna pesa ya mashini, ya kukuza atelie, ile inakaa miaka. Hazitoki mulango moja. Ulienda kutafuta ya kitambaa ku milango ya pesa ya mashini, banki, mradi, Banki ya Dunia, njo maana wote walikuona kama umepotea njia. Hata kama ule bwana wa koti angekuwa wa kweli, mradi unachukua miezi mbele ya kutoa dola ya kwanza, na salopeti zinatakiwa sasa.

Pesa ya kitambaa itoke mu komande yenyewe. Rudia kwa ule mukubwa.

Najua unaogopa, unafikiri ukilomba avansi ataona hauko muntu wa maana atapeleka komande kwingine. Lakini angalia, yeye mwenyewe anafanya kazi kwa wamadini, anajua avansi ni nini, amezilomba mara ngapi. Tuko na sheria kabisa, namba 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017, ya mambo ya soutraitance, ile kazi kampuni moja inapatia ingine iifanye: inasema ile kazi ni ya makampuni ya Bakongomani, na mwenye kutoa kazi anatakiwa kutoa avansi ya asilimia 30 kwa uchache mbele kazi haijaanza. Wenye kuilinda wanaitwa ARSP, na ku Lubumbashi wako. Kama salopeti zako zinaingia mu ile sheria kabisa kabisa ao ni kununua tu bintu, ARSP njo watakuambia, uwaulize mu siku zako za kupumua. Kwa sasa usiende pale na sheria mu mukono kama muntu wa tribinali, utamufunga roho. Ujue tu 30 si kitu cha ajabu, ni desturi, na ulombe sawa vile muntu mwenye anajua desturi.

30 kwa mia ya 1760 ni 528 dola. Kitambaa na bintu vyake kwa salopeti 40 ni 480. Umeona? Avansi yake inanunua nusu yote na inabakisha 48 ya taksi na ya mikate ya babinti. Kwa hiyo ulombe bintu bibili tu: avansi ya 30, na kupeleka mara mbili, 40 kwanza, kiisha 40. Na ya kwanza ilipwe siku ya kupokea, siyo siku 60. Ile 40 ya kwanza ni 880, unatosha sehemu yake ya avansi 264, anabakia kukupa 616. Mu hiyo unalipa babinti 120 yao, unanunua kitambaa cha nusu ya pili 480, na bado kuna kidogo mu mufuko. Ile ya pili sasa alipe hata siku 60 kama kichwa chake ni kigumu, utangoja faida yako lakini hautangoja na deni ya muntu ku shingo.

Akikataa kulipa siku ya kupokea, shuka ku siku 15, shuka ku 30, usishuke kwa avansi. Na ile mumeelewana aandike mu bon mupya na stempo, maneno ya mudomo ya mukubwa wa manunuzi inabadilika siku mukubwa mwenyewe anabadilishwa.

Kama anakataa yote, avansi hapana, mara mbili hapana? Kuna likelemba yako. Bamama 12 mara 40 ni 480, nilicheka nilipoiona, ni ile ile 480 ya salopeti 40. Ongea na mama mwenye zamu ya mwezi huu ao ya mwezi ujao, mubadilishane, yeye achukue ya mwezi wa kumi na moja karibu na Noeli, bamama mingi wanapendaka hata zaidi ile ya mwisho wa mwaka. Mupe kitu kidogo cha asante, mushonee mutoto wake uniforme. Mbele ya mama mwenye kushika daftari lakini, si chini chini. Likelemba haina riba, hii njo banki ya kwanza ya Katuba, bantu wa mafunzo hawaitajaki juu haina logo. Na mwenye duka ya bitambaa mwenye unanunuliaka kila mwaka wakati wa uniforme, umekwisha kumuonyesha ile bon? Muulize kama anaweza kukupa roli kwa nusu ya bei na ingine siku ya malipo. Akikuongezea hata senti 30 ku metre, hesabu: metre 240, hiyo 72 dola. Linganisha na 900 ya lambert.

Sasa makaratasi, na hapa nitakugombeza kidogo. Miaka ine ya atelie, breve tatu, na hakuna RCCM? Ile kampuni itakulipa namna gani, komptable wao ataandika jina la nani? Kuna hatari ushone yote kiisha waseme fakitire yako haina numero ya impo, tunangoja. Enda ku GUCE, ile guichet unique ya kufungua kampuni, imewekwa toka 2012 juu ya kuunganisha pamoja bintu vyenye zamani ulikuwa unazunguka navyo mu ofisi kumi: RCCM, identification nationale, numero ya impo. Kwa wewe peke yako na mashini tatu usianze na SARL, ile kampuni kamili, fungua etablisma mu jina lako, ni rahisi na bei yake ni ndogo, kampuni kubwa itakuja siku utakuwa na wenzako wa kuweka pesa pamoja. Bei uisome pale ku ukuta ao ulombe kwa maandishi, lipa ku kese, chukua risi. Wenye kusimama inje ya mulango wakisema "mama leta nikukimbizie" ni binamu ya ule wa koti.

Ya bwana kusaini. Zamani ilikuwa kweli, Code de la famille ya 1987 ilisema mwanamuke mwenye kuolewa anahitaji ruhusa ya bwana. Ile iliondolewa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Leo sheria inasema bibi na bwana waelewane mu mikataba yenye inawafunga, wote babili, hata yeye akikopa. Kwa hiyo banki ikilomba sinyatire yake juu ya parcelle, hapo usikasirike, parcelle ni ya familia na kwenu tena iko mu jina la bamukwe, hata bwana yako peke yake hangeweza kuiweka. Lakini kufungua etablisma, kufungua konti, kupokea malipo ya salopeti, hiyo ni jina lako. Mwambie bwana tu, kwa simu, kwa upole, asikie kwako mbele asikie kwa kaka yake, ule mwenye alikuletea maneno ya lambert.

Tuje kwa pesa kubwa, umeuliza kama ziko kweli. Ziko. Nikuonyeshe kila mulango na kile kiko nyuma yake, juu shida ya pale Lubumbashi si kukosa majina, majina tunayo mingi, shida hakuna mwenye anakuambia nani anatoa nini.

FPI, Fonds de promotion de l'industrie, iko toka 1989, inakula taxe ya asilimia 2 yenye inakatwa ku bintu vya kuingia inchi na vya viwanda vya hapa. Bantu wanasema "pesa ya FPI" kama ni zawadi. Ni kredi, inarudishwa, na inatafuta muntu wa kutengeneza kitu, si wa kununua na kuuzisha. Wewe unatengeneza, kwa hiyo siku moja ni mulango wako, lakini leo bado mudogo. FOGEC yeye hatoi pesa mu mukono, ni garanti: banki ikisema mama huna parcelle, FOGEC njo anaweza kusimama pembeni ya wewe. Kwa hiyo hauendi FOGEC kulomba dola, unauliza banki ao mikrofinansi yako kama wanafanya kazi nao. ANADEC, ofisi ya serikali ya biashara ndogo yenye zamani iliitwa OPEC, ni ya kukuongoza, dosie, plan d'affaires, mafunzo. Najua umechoka na mafunzo. Enda pale na swali moja tu mu mukono: "nani mu mji huu anatoa kredi ya mashini ya kushona na ninapungukiwa karatasi gani", usikubali kukaa siku tatu kusikiliza mana ya neno antreprener.

Miradi ya Banki ya Dunia, ule wa koti alijua kitu, njo maana aliwakamata. Kulikuwa PADMPME, mradi wa kusaidia biashara ndogo, toka 2018, dola milioni 100, na Lubumbashi ilikuwa ndani pamoja na Kinshasa, Matadi na Goma. Bavijana walipitia konkuru ya plan d'affaires ile waliita COPA, na bamama walikuwa na sehemu yao. Kiisha ikakuja TRANSFORME, Banki ya Dunia iliikubali mu 2022, milioni 300. Kwa hiyo pesa ya bamama wafanyabiashara si hadisi. Lakini inatokaka kwa konkuru, yenye inafunguka siku fulani na inafungwa siku fulani, inatangazwa mbele ya bantu wote, na kuandikisha jina haina bei. Hakuna. Si 75, si 5, si hata ya fotokopi. Muntu akija kwako mu soko na pesa ya serikali bila wewe kuitafuta, muulize tu ofisi yake iko ku avenue gani na mukubwa wake nani, utaona koti linaondoka.

Ile 75 yenu, mulilipa kwa simu? Kama ni M-Pesa ao Airtel Money ao Orange Money, message iko, numero iko, na ile numero imeandikishwa na jina la muntu. Mwende bamama batano siku moja, na zile message, mukaandike malalamiko. Muntu moja mwenye 75 watamwambia arudi kesho. Batano wenye 375 wanakaa ku benchi na hawatoki.

Mulango mwingine, na hapa ufungue macho: Tony Elumelu, ule tajiri wa Nigeria, fondation yake toka 2015 inatoa 5000 dola kwa bafanyabiashara wa Afrika yote, Kongo ndani, na ile hairudishwe. (Sishangae bwana wa koti aliokota wapi ile 5000 yake.) Unaandika ku intaneti, bure, kifaransa kiko, na kila mwaka inafungukaka tarehe 1 mwezi wa kwanza mupaka karibu na tarehe 1 mwezi wa tatu. Lakini biashara isipite miaka mitano. Wewe uko mu wa ine. Kwa hiyo mwezi wa kwanza unaokuja si wa kulala, na usinywe hiyo pesa mbele ya kuipata, tunaandika maelfu na maelfu na wanachagua bachache. Ile fomu inauliza sana hesabu, unauzisha ngapi, nani ananunua, utafanya nini na 5000, na komande ya salopeti 80 yenye imelipwa ni jibu lenye mwenzako mwenye ndoto tu hana.

Ya mashini sasa, kiisha komande. Usilombe banki kubwa, enda mikrofinansi ao COOPEC (koperative ya akiba na kredi), kuna wenye wanakopesha bamama mu kikundi, munajisimamia batano sita, hakuna parcelle. Mutu hawezi kukopa mbele hajaweka, kwa hiyo fungua konti leo na hizi 528 zipitie pale, na 616 zipitie pale, watu wa kredi wanapenda kuona pesa inaingia na kutoka miezi sita kuliko kusikia hadisi. Na siku ya kusaini uliza riba inahesabiwa ku nini. Tuseme 1000 kwa miezi kumi, 3 kwa mia kila mwezi. Kama inahesabiwa ku ile 1000 mupaka mwisho, utalipa riba 300. Kama inahesabiwa ku ile inabakia, kila mwezi unapunguza 100, riba yote inafika 165. Muntu anasema "3 kwa mia" na wote babili wanasema kweli. Lomba wakuchapie tablo ya malipo mwezi kwa mwezi mbele ya sinyatire, mwenye kukataa kuichapa umemujua. Uliza pia kama wanakata kitu juu, pesa ya dosie, asiransi, akiba ya lazima, juu unaweza kusaini 1000 ukatoka na 830 na riba unalipia yote.

Mashini gani? Miye ningenunua ya surje kwanza, ile ya kufunga pembeni ya kitambaa, mbele ya ile ya pili ya umeme, juu kampuni inaangalia ndani ya mushono, uzi ukianza kutoka baada ya kufua mara tatu komande ya pili haiji. Lakini wewe njo fundi. Na hizi za kukanyaga usiziuzishe, siku umeme unakatika saa nane njo zinakulisha.

Daftari. Nunua ile ya kurasa 100, mustari mu katikati, kushoto yenye imeingia, kuliya yenye imetoka, kila usiku, hata 500 franga ya uzi. Na wewe mwenyewe ujiandike mushahara, weka hata 60 dola mwezi, juu nimeona mu hesabu zako babinti wanalipwa 3 kwa salopeti na wewe hakuna, ile 7 unaiita faida lakini ndani yake kuna kazi ya mikono yako. Bukari ya nyumba itoke mu ile 60, isitoke mu pesa ya kitambaa. Hii njo inaua atelie za Katuba kuliko riba, mutoto anagonjwa, tunachukua "kidogo tu" mu bahasha ya kliya, na roli ya mwisho inakosekana.

Kwa wiki hii fanya hivi. Kesho shona salopeti moja kamili, na bendi, na jina la kampuni ku mugongo, pesa yake 12 dola ukope hata kwa rafiki. Siku ya tatu enda kwa mukubwa asubuhi, mbele simu zake hazijaanza kulia, muwekee ku meza aishike, avute mushono. Akiwa bado ameishika njo umupe proforma, ile karatasi ya bei ya mbele ya fakitire, 40 na 40, avansi 528, tarehe ya kila kupeleka. Kiisha unyamaze, mwache yeye aongee kwanza. Ukitoka pale upite GUCE, usirudi nyumbani kwanza, nakujua, ukifika nyumbani utakuta kikwembe cha muntu.

Uniandikie alikujibu nini.